Ramani Moja kwa Mombo na Lushoto

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona. Mombo iko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400. Kwa safari fupi ya basi, abiria anakuwa amepanda takriban kilomita nzima kwenda juu. Mwezi Julai, wakati muuza maji wa stendi ya Mombo anahamisha ndoo yake kufuata kivuli, wenzake wa Lushoto bado wamevaa makoti. Wasambaa wameishi na tofauti hii kwa karne nyingi. Kwao kuna Shambaai, nchi ya juu yenye migomba na mvua, na kuna nyika, nchi ya chini yenye ukame, homa na malisho. Mtu mwenye busara alitafuta riziki kote kuwili, lakini hakulima kwa namna moja wala hakujenga kwa namna moja. Anayejenga kwa namna moja ni serikali yetu ya leo. Darasa linalosimama Mombo na darasa linalosimama Mlalo, ndani kabisa ya milima, hutoka kwenye ramani ileile, kwa fedha ileile, na mara nyingi hata kwa rangi ileile ya bati. Mjadala wa majengo mapya ya umma katikati ya miji ya kale huendeshwa kwa kawaida kama ugomvi wa wazee na vijana: huyu anatetea la zamani kwa kuwa ni la zamani, yule anataka jipya kwa kuwa ni jipya. Katika sura hii nadai kwamba ugomvi huo haufiki popote, na kwamba Lushoto ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini. Jengo la umma liulizwe kwanza linaelewanaje na mteremko, na mvua, na baridi, na mtu anayesubiri zamu yake mlangoni. Mwaka lilipojengwa ni swali la baadaye.

Tuanze na hicho kinachoitwa cha kale, maana mji wa Lushoto wenyewe si wa kale hata kidogo. Makao ya kale ya nchi hii yalikuwa Vuga, mji wa wafalme wa Kilindi, ambao mmisionari Krapf aliufikia mwaka 1848 na Burton na Speke wakaufikia mwaka 1857. Ulikuwa mji wa nyumba za msonge, za miti na nyasi, na heshima yake haikukaa kwenye kuta. Ilikaa kwa mfalme na kwa mvua aliyosadikiwa kuimiliki. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi waligombana, Vuga ikachomwa moto, na mwanawe Semboja akatawala kutoka Mazinde, kule chini karibu na njia ya misafara. Wajerumani walikuja juu ya majeraha hayo. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, na makao yao ya wilaya hawakuyaweka Vuga bali kwenye bonde jingine, wakaliita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Jina la Lushoto lilirudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kile ambacho mgeni anaoneshwa leo kama kitovu cha kihistoria, pamoja na ofisi zake, kanisa lake na barabara yake yenye miti mikubwa, kilikuwa katika miaka ya 1890 usanifu mpya kuliko wote katika Usambara. Kilijengwa na dola ya kigeni, na kilikusudiwa kuwaambia Wasambaa kwamba mamlaka yamehama. Kama kipimo ni mizizi, boma la Wilhelmstal linashindwa mtihani asubuhi na mapema.

Hata hivyo majengo ya namna hiyo yangali yanatumika, zaidi ya miaka mia moja baadaye, na sababu zake ni za kifundi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kabla ya hapo, na hata baada yake, chochote kilichotoka mbali kilipaswa kupandishwa mlimani, na vingi vilipanda vichwani mwa wapagazi. Mjenzi hakuwa na hiari kubwa. Alitumia mawe ya hapohapo na mbao za hapohapo, na vilivyonunuliwa mbali vikatumika kwa ubahili. Matokeo yake ni kuta nene zinazopokea joto la mchana taratibu na kulitoa usiku, msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya ardhi yenye unyevu, paa lenye mwinamo mkali, na kibaraza kirefu mbele ya vyumba. Kibaraza hicho mtawala huenda alijijengea mwenyewe, apate kivuli cha kunywea chai. Raia ndiye aliyekirithi: ndipo anaposimama mama mwenye mtoto mgongoni, akisubiri jina liitwe, mvua ikinyesha hatua mbili mbele yake bila kumgusa. (Tusiwasifu kupita kiasi. Utawala huohuo ulioruhusu mbao kujenga mji uliiacha kampuni ya Wilkins na Wiese ivune mierezi ya Shume na kuishusha kwa njia ya waya hadi Mkumbara, ikapande treni kwenda pwani. Msitu ulishuka kwa kasi kuliko ulivyoota.)

Shahidi ninayemwamini zaidi kuliko boma yuko Mlalo. Wamisionari wa Kilutheri walifungua kituo huko mwaka 1891, na watu walianza kuona kuta za pembe nne, ngazi, madirisha na baadaye bati. Kilichofuata hakikuwa kuiga. Mafundi wa Mlalo walichukua ghorofa wakaijenga kwa udongo. Nyumba ina eneo dogo chini, kwa sababu ardhi tambarare ni haba na ni ya shamba. Chumba cha chini kinauingia mteremko badala ya kuukata. Cha juu kina roshani ya mbao inayotazama bonde. Ukitaka kujua akili ya nyumba hizo, tazama upenu. Paa limevutwa mbele kiasi kwamba tone la mvua linaanguka mbali na ukuta, likakutana na mfereji uliochimbwa kwa jembe na kupelekwa kwenye migomba. Ukuta wa udongo hauogopi miaka, unaogopa maji; pale upenu unapooza na bati likapungua hata kwa urefu wa mkono, alama ya kuliwa huanza kuonekana chini ya dirisha masika ya kwanza. Nyumba hizo si za kale kama Vuga wala si za kizungu kama Wilhelmstal. Ni usasa wa Wasambaa wenyewe, uliotengenezwa na watu waliopokea kitu kutoka nje wakakilazimisha kitii mlima. Ajabu ni kwamba tunapozungumzia urithi wa majengo wa Usambara, karibu kila mara tunaanza na boma, na Mlalo tunaiachia watalii wapige picha.

Sasa tuje kwenye ramani. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi. Kila chumba kilitengewa Sh milioni 20. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa miezi michache, na sitaki kuibeza. Lakini tazama kinachotokea ramani inapopanda mlima. Ramani imechorwa kana kwamba kiwanja ni uwanja wa mpira. Mlimani kiwanja cha hivyo hakipo, kwa hiyo fundi anaukata mteremko: udongo wa juu unashushwa upande wa chini, ukuta unasimama nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya kifusi, na nyuma ya darasa linabaki jeraha jekundu la kwenda juu ambalo hakuna fungu la kulizuia. Masika yanapofika, kifusi kinakaa, jamvi linapasuka, na udongo wa nyuma unateleza hadi chini ya madirisha. Saruji na nondo vimelipiwa nauli ya kupanda milima; milioni 20 hazikuongezewa nauli hiyo. Juu kuna bati la msauzi, jembamba, kwenye kenchi zenye mwinamo mdogo. Mvua kubwa ikinyesha mwalimu ananyamaza, kwa sababu hata akipiga kelele hasikiki. Mbele kuna ushoroba mwembamba unaoloa wote upepo ukigeuka. Madirisha ni ya alumini, ya kusukuma, ambayo kwa maumbile yake hufunguka nusu tu ya upana wake. Mombo, ambako mtoto anahitaji upepo wote unaopatikana, nusu hiyo haitoshi. Mlalo, ambako ukungu wa asubuhi unaingia kupitia kila mwanya, kioo kimoja na ukuta wa tofali jembamba havizuii baridi. Ramani iliyokusudiwa kufaa kila mahali haijafaa hata mahali pamoja.

Madarasa ni mfano tu wa wazi zaidi. Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki vya Mahakama vilivyozinduliwa Oktoba 2021 vinafanana Arusha, Dodoma, Mwanza, Morogoro na Dar es Salaam, ingawa Arusha iko juu kama Lushoto na Dar es Salaam iko ufukweni. Na Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kwa hiyo watumishi wengi wa mahakama hizo wanapata mafunzo yao katika mji ambao ungeweza kuwafundisha jambo hata kuhusu majengo watakayofanyia kazi.

Usambara imewahi kuonja ramani moja kabla ya hapo, na matokeo yake yameandikwa vizuri katika historia. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha katika miaka ya 1950 wakaupanua hadi sehemu kubwa ya Usambara. Sheria iliwataka wakulima wachimbe matuta mlimani, kwa vipimo vilivyoamuliwa na maofisa, na mzigo mkubwa wa jembe ukawaangukia wanawake. Tatizo la mmomonyoko lilikuwa la kweli. Hakuna Msambaa aliyehitaji kuambiwa kwamba udongo unaondoka. Lakini matuta yaliyolazimishwa hayakujua shamba la nani lina mwinamo gani, wala mama mwenye shamba ana mikono mingapi ya kumsaidia. Watu walikataa, wakaingia katika siasa za kudai uhuru wakiwa na hoja hiyo mkononi, na kufikia mwisho wa muongo huo mpango ulikuwa umekufa. Baadaye, katika miradi ya hifadhi ya udongo iliyoanza miaka ya 1980, ikachanganya majani, miti na matuta na kuzungumza na wenye mashamba, kazi ileile ilipokelewa kwa namna nyingine kabisa. Sisemi darasa ni sawa na tuta. Nasema mlima uleule umekwisha kuonyesha mara moja kwamba nia njema yenye kipimo kimoja huchukiwa au hubomoka, wakati mwingine vyote viwili.

Jibu la kwanza nitakalopewa ni la haraka na gharama, na ni jibu zito. Watoto walikuwa wanakaa chini. Mhandisi wa halmashauri ni mmoja na kata ni nyingi. Akiambiwa achore upya kila jengo, fedha zitarudi hazina mwaka wa fedha ukiisha. Ramani moja inarahisisha makadirio, ukaguzi na hata kumbana mwizi, maana kila mtu anajua chumba kinahitaji mifuko mingapi ya saruji. Nakubali haya yote. Ila hoja hiyo inatetea kuwa na ramani za kawaida; haitetei kuwa na moja. Nchi yenye pwani, nyika, kanda ya ziwa na milima inaweza kuwa na ramani nne au tano, kila moja na makadirio yake, na ukaguzi ukabaki rahisi vilevile. Na ile gharama nafuu huonekana nafuu kwa sababu tunaacha kuhesabu mapema. Ukarabati wa jamvi lililopasuka hulipwa kutoka fungu jingine, mwaka mwingine, na mara nyingi kwa michango ya wazazi, kwa hiyo hauonekani popote kwenye hesabu ya darasa la milioni 20.

Jibu la pili linatoka upande wa pili: kama boma ni alama ya mnyongaji, kwa nini tujisumbue nalo? Kwa nini tusilibomoe tukajenga letu? Sina hamu ya kuwatetea waliomnyonga Mputa. Lakini mawe yale yalibebwa na watu wa hapa, na tangu 1961 hati ya majengo hayo iko mikononi mwa wananchi. Kuyabomoa kwa hasira ni kuwapa Wajerumani umiliki wa jasho letu kwa mara ya pili. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kinyume chake: jengo jipya la umma kupewa vinyago vya Kijerumani, pembe za paa na vidirisha, ili lionekane la Lushoto kwa macho ya mgeni. Hilo ni kuchukua sura ya boma na kuacha akili yake. Kilicho cha kurithi pale ni unene wa ukuta, upenu na kibaraza.

Halafu kuna jibu la wananchi wenyewe, ambalo wasomi huliepuka. Watu wanataka vigae, madirisha ya slaidi na bati la rangi. Ukimwambia mzazi wa Mlalo kwamba udongo unafaa, atakuuliza kwa nini basi ofisi ya mkuu wa wilaya haijengwi kwa udongo, na swali lake ni la haki. Anachodai ni heshima, na katika maisha yake heshima imekuja ikiwa imevaa alumini. Dawa si kumhubiria asili. Dawa ni kumwonyesha kwamba jengo la kisasa linaweza kuwa zuri na likajua liko wapi. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ni zege tupu, halina hata nyasi moja ya kuigiza Uafrika. Lakini paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyoinuliwa juu ya watu, upepo unapita, kivuli kipo, na mchuuzi wa Dar es Salaam aliitumia akili hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini kabla ya moto wa Julai 2021. Amuli hakuuliza zamani walijengaje pwani. Aliuliza soko la mji wa joto linahitaji nini. Lushoto inahitaji mtu wa kuuliza swali hilohilo kwa ajili ya mji wa ukungu.

Wala sipendekezi kurudi kwenye mbao na tofali za kuchoma. Misitu ya Usambara, ikiwamo ya Magamba juu ya Lushoto, ina mimea na viumbe wasiopatikana kwingine duniani, na kila tanuru la tofali linakula magogo. Mti wa mkulo uliotengeneza milango ya zamani hauwezi kutengeneza milango ya wilaya nzima leo. Hapo kuna nafasi kwa tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zilizoshindiliwa bila moto, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Udongo unatoka kwenye kiwanja chenyewe, pengine uleule uliokatwa kwenye mteremko, na saruji inayopanda kutoka Mombo inapungua. Ukuta unakuwa mnene bila kuchoma msitu. Mzazi naye anapata ukuta ulionyooka, wenye mistari safi, ambao hana sababu ya kuuonea haya.

Nani basi aweke masharti haya? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya 1863. Cha baadaye kinasubiri waziri akitangaze. Kwa Lushoto mstari huo ni wa kuchekesha kidogo, kwa kuwa nyumba za nyasi za kabla ya 1863 hazipo tena, na kila kilichosimama, kuanzia boma hadi roshani za Mlalo, kimezaliwa upande usiolindwa. Zanzibar walichukua njia nzito zaidi: mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu 1985, na orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo Mambo Msiige iligeuzwa hoteli na kuongezewa jengo kubwa ubavuni huku UNESCO ikilalamika, na sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Orodha peke yake haizibi paa linalovuja.

Lushoto haihitaji orodha ndefu kama hiyo, inahitaji masharti machache kwenye kibali cha ujenzi: upenu usiopungua kiasi fulani, kibaraza kinachositiri watu wanaosubiri, ngazi za jengo zifuate mteremko badala ya kuukata, na fungu la ukuta wa kuzuia udongo liandikwe kabla ya msingi kuchimbwa. Ugumu ni kwamba kibali hutolewa na halmashauri, na kwa majengo mengi ya umma halmashauri hiyohiyo ndiyo inayojenga. Mwombaji na mtoaji wanapokezana faili kwenye ushoroba mmoja. Ndiyo maana ramani ya mlima haiwezi kuachiwa Lushoto peke yake: inabidi itoke Dodoma, TAMISEMI, pamoja na makadirio yanayolipia nauli ya saruji kutoka Mombo, na ifike kabla ya awamu nyingine ya fedha kufika ikiwa na tarehe yake ya mwisho.